Mbegu Iliyopakwa Majivu

Juma lililopita mjukuu wangu alirudi kutoka soko la Daraja Mbili na pakiti ya unga, akaniwekea mezani kama mtu aliyeleta zawadi. "Nyanya, huu ni unga wa mtama," akasema. "Daktari anasema wenye ugonjwa wa sukari wapunguze mahindi. Sasa watu wote wa mjini wanautafuta." Akapika uji, akanimiminia kikombe. Nilionja mara moja, nikakiweka chini. Rangi yake ilikuwa ya udongo wa kichuguu, na ule ukakasi ulionikausha ulimi niliutambua hata kabla sijameza. Mjukuu alidhani uji haukuiva. Nilimwambia umeiva sawasawa. Akae, amalize chake, kisha achukue kalamu, kwa kuwa mimi sikufundishwa kuandika, na sababu ya kutofundishwa kwangu ilikuwa ndani ya kikombe kile.

Kwetu Gusii siku zile, mama alipojifungua mtoto mwingine, yule msichana aliyetangulia alipelekwa kuishi kwa nyanya. Nami nilipelekwa. Sikwenda mbali: nyumba ya mama yangu ilikuwa upande wa pili wa migomba, na asubuhi nilimsikia akimwimbia mdogo wangu. Lakini baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na mwanamke ambaye mume wake hayuko hakuthubutu kupingana na mama mkwe. Kuanzia siku nilipovuka ile migomba, nilikuwa wa nyanya.

Nyanya yangu alikuwa mfupi, mkavu, mwenye jicho moja lililofunikwa na utando mweupe na jingine lililokuwa likielekea huko huko. Sikumbuki akinikumbatia. Nakumbuka vidole vyake. Alivitumia mahali pa macho. Aliviingiza katika chungu, katika ungo, katika nywele zangu, na hakuna kilichomponyoka. Alikuwa mtu wa Sabato, aliyebatizwa mtoni mbele ya watu, na kila Jumamosi alitembea hadi kanisani akiwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, nami nikifuata nyuma nikiwa nimebeba kigoda chake.

Mtama wake haukufanana na wa mtu yeyote. Kama ulikulia kwenye vilima vile, unakumbuka kwamba wengi walipanda wimbi, yaani ulezi, na walioishi chini kidogo, kama sisi kwenye mteremko ule unaotazama Keumbu, walichanganya na mtama mwekundu. Wa nyanya ulikuwa mweupe. Punje zake zilikuwa kubwa, na kila moja ilikuwa na nukta nyeusi mahali iliposhikana na suke, kama jicho dogo. Ugali wake ulikuwa laini, na uji wake, ukiachwa siku mbili uchachuke kidogo, ulikuwa na harufu ya maziwa ingawa hapakuwa na tone la maziwa ndani yake. Meno ya nyanya yalikuwa yamebaki manne, na tumbo lake lilikuwa limekataa karibu kila kitu isipokuwa uji huo. Mabua yenyewe yalikuwa matamu. Tuliyamenya kwa meno na kuyafyonza mpaka pembe za midomo zikachanika. Yaliyokauka tulizibia ukuta wa banda la mbuzi, na masuke yaliyokwisha kupurwa tulifungia mafagio.

Mbegu hiyo alikuja nayo siku ya kuolewa, imefungwa kwenye pindo la nguo, kutoka kwa mama yake ng'ambo ya mto Gucha. Masuke bora ya kila mavuno aliyaning'iniza darini juu ya meko, yakapigwa moshi mpaka yakawa meusi kama makaa. Msimu wa kupanda ulipokaribia aliyapura, akazipaka punje majivu zisiliwe na wadudu, akazitia kwenye kibuyu. Majirani walimwomba. Mama yangu mwenyewe alimwomba konzi moja tu, apande nyuma ya nyumba yake kwa ajili ya uji wa mtoto. Jibu lilikuwa lile lile kwa wote: "Mbegu yangu ilivuka mto mara moja, pamoja nami. Haitavuka tena." Na aliposema hivyo alitabasamu, kwa maana alipenda kuombwa kuliko alivyopenda kutoa.

Sasa, mtama mweupe una adui mmoja, naye ni ndege. Kuna wale wadogo wa manjano wenye uso mweusi. Wanakuja kama vumbi, wanatua wote kwa pamoja, na suke unaloliona limejaa asubuhi, adhuhuri ni ganda tupu. Kwa hiyo tangu punje zilipoanza kutoa maziwa hadi siku ya kuvuna, ilibidi mtu awe shambani kuwaamia. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilijengewa ulingo wa miti minne wenye paa la mabua, nikapewa kombeo, rundo la madongoa, na kamba iliyofungwa kwenye debe lililotiwa mawe. Nilipanda kabla jua halijatokeza na kushuka lilipozama. Nilipiga kelele mpaka sauti yangu ikawa nzito kama ya mwanamume, na nadhani ndiyo sauti niliyobaki nayo.

Jioni nyanya alipita kati ya mistari akipapasa masuke. Kila suke lililokuwa na maganda matupu alilileta chini ya ulingo, akaniita, akalisugua kwenye shavu langu ili nihisi mahali palipoliwa, kisha akanifinya sikio kwa kucha, mfinyo mmoja kwa suke moja. Hakuwa na hasira. Alifanya hivyo kama mtu anayepalilia.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na shule. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye madirisha yasiyo na vioo, na kutoka ulingoni nilisikia kila kitu. Nilisikia watoto wakiimba herufi, nikaimba nao, nikiwatupia ndege dongoa mwishoni mwa kila mstari. Lakini nilikuwa nikijua sauti zake tu, sikujua umbo. Siku moja nilishuka, nikavuka kijito, nikasimama chini ya dirisha nione umbo la zile sauti. Niliporudi, kona moja ya shamba ilikuwa imeliwa. Nyanya hakunipiga. Alinivua gauni langu la pekee, akalifungia sandukuni, akanivisha gunia lililotobolewa matundu matatu. "Sasa shuka uende shule," akasema. Nilikaa ulingoni na gunia lile mpaka mavuno, na watoto wa shule walipopita walinipungia mkono wakisema, "Viazi, hujambo?"

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa kijana aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi. Njia yake ilipita kando ya shamba letu, na siku moja alisimama, akavua kofia.

"Mama, huyu mtoto anasoma nini huko juu?"

"Anasoma ndege, mwalimu," nyanya akajibu. "Na bado hajafaulu."

"Nina nafasi moja darasani, na wasichana ni wachache. Nipe mimi."

"Na ndege nimpe nani?"

"Panda mtama mwekundu, mama. Ndege hawaupendi. Ukakasi wake unawafunga midomo."

Nyanya aliangua kicheko. "Mwekundu ni wa walevi! Mimi nilibatizwa kwa maji, mwalimu, sikubatizwa kwa pombe." Kisha akainua kidole, akamwambia neno ambalo sijalisahau: "Siku ndege watakapoukataa mtama wangu, mchukue. Sitamzuia hata kwa kidole hiki."

Wote wawili walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilidhani kwamba neno la mtu mzima ni kama mlango: ukiusukuma, utafunguka.

Chini yetu, karibu na kijito, aliishi jirani aliyepika pombe. Nyanya hakuwahi kumsalimu. Kwake mtama mwekundu ulilundikwa hadi mlangoni, mwingine ukiota kimea juu ya majani ya migomba, na harufu yake chachu ilipanda mlima mpaka kwetu. Nilimwendea nikamwomba mbegu.

"Wewe si mtoto wa ulingoni?" akasema. "Nyanya yako ananiita shetani, na leo umekuja kwa shetani kuomba mbegu?"

"Si za nyanya. Ni zangu."

Alinitazama, kisha akaelewa, maana alikuwa mwerevu kuliko watu wengi wa kanisani. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Nichotee mitungi mitatu ya maji," akasema, "nami nitakujazia kibuyu. Ninataka tu kuuona uso wake siku hiyo."

Jumamosi iliyofuata nilisema tumbo linaniuma, nyanya akaenda kanisani peke yake. Nilichukua kibuyu chake, nikakimwaga kwenye kikapu. Nikatia mahali pake mbegu nyekundu nilizozichagua kubwa kubwa, nikazitikisa na majivu ya meko. Zilipokuwa zimepakwa majivu, zilikuwa za kijivu kama zile za kwanza. Hata mwenye macho mawili mazima asingezitofautisha. Za nyanya nilizipeleka kijitoni, nikazisuuza, nikazikaanga juu ya kigae. Zilipasuka moja moja, nyeupe, zikatoa harufu nzuri sana. Nilikula mpaka tumbo likaniuma kweli. Zilizobaki nikawamwagia kuku wa jirani.

Ningeweza kuzificha. Ningeweza kumpa mama yangu ile konzi aliyoomba. Jambo hilo halikunijia akilini, na nisingependa ukadhani kwamba lilinijia. Nilitaka ziishe.

Siku ya kupanda nilimpa nyanya kibuyu, akapanda kwa mkono wake mwenyewe. Nilitembea mbele nikichimba vijishimo, yeye nyuma akidondosha punje na kuzifukia kwa kisigino, akinung'unika wimbo wa kanisa. Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Mtama ulipanda, ukapita kimo changu, ukatoa masuke ya kijani kama mtama wowote. Nilirudi ulingoni nikiwa na gauni langu, nikakaa nikiwatazama ndege. Walikuja, wakadonoa, wakapangusa midomo kwenye majani, wakaondoka. Kwa siku nyingi sikulivuta lile debe. Jioni nyanya alipapasa masuke, akayakuta yamejaa. Mara moja, mara moja tu katika maisha yake, alinishika bega na kusema, "Umekua." Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ndugu yangu, hata leo bega hilo nalijua lilipo.

Kisha masuke yakaanza kubadilika. Kwanza yakawa na wekundu kidogo, kisha yakawa kama kutu, kisha shamba zima likawaka. Kila mpita njia aliliona isipokuwa mwenye shamba. Watu walipunguza mwendo, wakatazamana, wakaendelea na safari. Mzee mmoja wa kanisa alisimama muda mrefu, akakohoa, akaenda zake. Mama yangu alikuja hadi mwisho wa migomba, akajishika mdomo, akarudi nyumbani mwake. Mtu aliyesema alikuwa yule jirani. Alipanda mlima makusudi, akiwa amevaa nguo yake nzuri.

"Mama mtu wa Sabato!" akaita kutoka njiani. "Kumbe umejiunga nasi? Shamba lako jekundu kuliko langu! Tutapika lini, nilete mtungi?"

Nyanya alikuwa akichambua mboga. Aliinuka, akaenda shambani, akavunja suke, akapukusa punje kiganjani, akatia mdomoni. Alitafuna kwa yale meno manne polepole sana. Jirani alikuwa amekuja kuuona uso wake, nao uso haukuonyesha kitu, akaondoka akiwa hajacheka.

"Mbegu yangu iko wapi?" nyanya akaniuliza.

"Nilikula."

"Yote?"

"Nyingine nilimwagia kuku."

"Ilikuwa tamu?"

"Ndiyo, nyanya."

"Vizuri."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa fimbo, na kwa kuwa fimbo haikuja, nikapata ujasiri wa kijinga. Nikamwambia, "Ulimwahidi mwalimu. Ulisema siku ndege watakapoukataa."

"Nilisema," akajibu. "Nao wameukataa. Nenda shule. Nilisema sitakuzuia, sitakuzuia. Ila mtu hula kwanza."

Ghalani kulikuwa kumebaki vumbi. Mtama mweupe wa kula ulikuwa wa kutufikisha mavunoni tu, na mwezi wa sita tulikuwa tumekwisha kukwangua sakafu. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa shambani, nacho kilikuwa chekundu. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho mwalimu hakukitaja. Wanaopika pombe hawahangaiki na ukakasi, lakini anayetaka kuula mtama ule lazima aulowanishe katika maji ya majivu, ausuuze, auanike, autwange kinuni mpaka ganda litoke, aupepete, ndipo aupeleke kwenye jiwe la kusagia. Nao ni mgumu. Jiwe linalia, na mgongo unalia pamoja nalo. Nilipoamka gizani nikaanza, nilimaliza jua likiwa limepita utosini. Niliposimama kunawa unga, watoto wa shule walikuwa wakivuka kijito wakirudi makwao.

Kila asubuhi nyanya aliniambia, "Mlango uko wazi." Alisema kwa upole. Kisha alikaa karibu na jiwe, akisubiri, na unga ulipotoka aliutia vidole. "Mnene. Rudia."

Siku moja niliacha jiwe, nikakimbia. Nilikaa darasani asubuhi nzima kwenye kiti cha udongo, mwalimu akanipa kipande cha chaki na kibao, akanishika mkono, tukaandika umbo moja pamoja, mviringo wenye mkia. Nilirudi nyumbani nikiwa na unga wa chaki kwenye vidole, nikiogopa kuvipangusa. Nyanya alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha. Hakuwa ameonja chochote tangu jana yake.

"Umesoma?"

"Ndiyo, nyanya."

"Basi nisomee, nishibe."

Mama yangu alivuka migomba, akanichapa mbele yake. "Unamwacha mama wa baba yako na njaa kwa ajili ya chaki?" Alikuwa akilia alipokuwa akinichapa, na nyanya alikuwa akisikiliza, kichwa chake kikiwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza kama chungu kimeanza kuchemka. Sikurudi tena. Mwalimu alipita mara mbili kuulizia, kisha nafasi ile akampa mwingine, na mwaka uliofuata akahamishiwa upande wa Nyamira.

Usidhani nyanya alishinda. Uji mwekundu, hata usagwe vipi, haukukaa tumboni mwake. Mama alimletea unga wa mahindi, akaukataa. "Nitakula nilicholimiwa na mjukuu wangu." Alikinywa kikombe chote mbele yangu bila kukunja uso, kisha nikamsikia nyuma ya nyumba akikirudisha. Aliisha kidogo kidogo. Mvua zilipokaribia alijifunga kitambaa chake cheupe, akashika fimbo, nami nikamwongoza tukaenda nyumba kwa nyumba, hadi Keumbu na mbele ya Keumbu, akiomba mbegu nyeupe, hata konzi moja. Hakuna aliyekuwa nayo, maana hakumpa mtu. Mama mmoja alimwangalia kutoka mlangoni, akamwambia, "Si ulisema haivuki mto?" na akarudi kukoroga chungu chake. Nyanya aliitikia, "Nilisema," tukaondoka. Njia nzima alishika pindo la nguo yake, kana kwamba kulikuwa na kitu ndani.

Aliishi mvua mbili zaidi. Siku zake za mwisho, alipokuwa hawezi kuinuka, aliomba uji mweupe. Nilipika wa mahindi, nikauchachusha vizuri, nikampelekea, nikamwambia nimepata mtama wa mama yake. Akaonja. Akaelekeza lile jicho lake kwangu. "Wewe bado ni mwongo," akasema. Kisha akanywa wote.

Shamba lile sasa lina chai, na chai hailiwi na ndege. Ulingo ulioza zamani, na watoto wa siku hizi hawajui neno kuamia. Jiwe la kusagia nimeliweka mlangoni, watu wanapangusia viatu. Nikienda Daraja Mbili bado naingiza mkono kwenye kila gunia la mtama, natafuta ile nukta nyeusi. Wauzaji hunisemesha, "Mama, unatafuta nini humo? Wote ni mtama." Mweupe upo, unaletwa kutoka mbali, lakini nikitafuna punje moja najua kwamba siyo.

Mjukuu amemaliza kuandika, naye amenisomea yote. Amesoma vizuri, bila kukwama. Nimeshika karatasi hizi, nimezigeuza huku na huku, nimepapasa maandishi kwa vidole. Nimetafuta ule mviringo wenye mkia, na nimeuona, tena mahali pengi. Mengine yote yana rangi moja, kama punje zilizopakwa majivu. Nyanya alikipokea kibuyu mikononi mwangu, akaenda kupanda. Nami napokea karatasi hizi.